Umepata Bawa la Mdudu Kwenye Jiwe? Jinsi ya Kuelezea Spishi Mpya ya Kisukuku, Hatua kwa Hatua

Maswali yanayonifikia ni yaleyale. "Nimepasua jiwe nikakuta bawa la mdudu; nitajuaje kama ni spishi mpya?" "Lazima niwe na shahada ya uzamivu ndipo niruhusiwe kuipa jina?" "Naweza kuiita kwa jina la bibi yangu?" Badala ya kumjibu kila mtu peke yake, nimeyaweka majibu hapa.

La pili na la tatu hayana urefu. Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama (hapa nitaziita Kanuni tu) haziulizi cheti cha mtu, zinauliza kazi imefanywaje. Na bibi yako anaruhusiwa, kwa masharti madogo ya tahajia yaliyoko huko mbele. Swali la kwanza ndilo linalokula mwongozo mzima. Jina ni sehemu nyepesi kuliko zote. Kazi hasa ni kuonyesha, kwa maneno na michoro, kwamba mdudu huyu hajaelezewa na mtu mwingine, na kuonyesha hivyo kwa namna ambayo msomaji asiye na jiwe lako mkononi anaweza kukukagua.

Nachukulia kwamba una bawa lililobanwa bapa kwenye jiwe la matope ya ziwa la kale, labda pamoja na sehemu ya mwili. Kwa upande wa mwili nitamrejea mara kwa mara *Oecophylla leakeyi*, chungu wa kisukuku kutoka kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria upande wa Kenya, aliyeelezewa na Wilson na Taylor mwaka 1964. Ni jamaa wa maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mwembe na kumfanya mchuma maembe ashuke haraka.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Ruhusa. Visukuku si mali ya aliyeviokota. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, na leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Kisukuku kilichotolewa kinyemela kitakukwama mwishoni, kwa sababu majarida mengi yatakuuliza kilipatikanaje, na makumbusho yatakikataa.

Kama huna kibali cha kuchimba, anzia kwenye droo za makumbusho. Mwaka 2002 wataalamu walitangaza oda (kundi kubwa) mpya kabisa ya wadudu, Mantophasmatodea, na miongoni mwa vielelezo vilivyowafikisha huko alikuwamo mdudu aliyekusanywa Tanzania, akakaa miaka mingi kwenye mkusanyo wa Ulaya bila kutambuliwa. Leo anaitwa *Tanzaniophasma subsolana*. Alikuwa kielelezo cha kawaida cha makumbusho, lakini jamaa zake walikuwa wamekwisha kuonekana ndani ya kaharabu (utomvu wa miti wa kale ulioganda ukawa mgumu) ya Baltiki.

Vifaa. Lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10, hadubini ya stereo (ya kukuza mara 10 hadi 60 inatosha), taa mbili unazoweza kuzisogeza, kamera au simu yenye kishikizo cha kuibana kwenye hadubini, rula ya milimita, brashi laini, sindano nyembamba, etanoli safi. Usitumie spiriti ya rangi ya kuwashia jiko, wala ya kusafishia vidonda iliyochanganywa na mafuta. Zote huacha utando.

Programu. Fiji kwa kupima, Inkscape kwa kuchora. Zote ni za bure.

Maandiko. Biodiversity Heritage Library ina machapisho mengi ya zamani ya kupakua bila malipo. Kwa chungu kuna tovuti za AntCat na AntWeb. Paleobiology Database itakuonyesha nini kimeshapatikana kwenye miamba ya umri wako.

Mabawa ya wadudu walio hai. Hili watu hulidharau, nami naliona la lazima. Mvua zikianza, kusanya mabawa ya kumbikumbi chini ya taa. Tafuta kereng'ende aliyekufa, mende, panzi. Mtu ambaye hajawahi kuchora bawa la mende wa jikoni kwake hana sababu ya kuanza na la mende wa Pemiani, kipindi cha kale kabla ya dinosaria.

## Hatua ya 1: Andika jiwe limetoka wapi

Kabla ya kusafisha chochote, kipe kisukuku namba, kisha uandike mahali, tabaka, vipimo vya GPS, tarehe na aliyekiokota. Jiwe likipasuka hutoa pande mbili, moja yenye kisukuku na nyingine yenye chapa yake. Hifadhi zote na uzipe namba moja, ukiongeza A na B. Mara nyingi mshipa uliopotea upande mmoja umebaki upande wa pili.

Bila tabaka hakuna umri, na bila umri hutajua ulinganishe na nani.

Tahadhari kwa watu wa pwani. Mdudu aliyenaswa ndani ya sandarusi si lazima awe wa kale. Sandarusi yetu hutoka kwenye mti *Hymenaea verrucosa*, na nyingi ni changa sana. Wapo wataalamu waliopendekeza mwaka 2020 kwamba utomvu ulioganda baada ya mwaka 1760 usiitwe hata sandarusi ya kisukuku, na kwamba jina la kaharabu libaki kwa ule unaozidi miaka milioni 2.58. Dondoshea tone la asetoni pembeni, mbali na mdudu. Uso ukinata, hiyo si kaharabu. Na hapo huenda mdudu wako bado anaruka huko Lindi.

## Hatua ya 2: Hakikisha ni bawa, na ni bawa zima

Vipande vya majani ya mimea ya kale vimewahi kuwadanganya watu wazima. Tazama mambo matatu. Bawa lina ukingo wa mbele ulioimarishwa na mishipa iliyosongamana, wakati ukingo wa nyuma ni dhaifu. Bawa lina kitako chembamba pale liliposhikana na kifua. Na bawa lina mikunjo: mishipa mingine imeinuka, mingine imezama, kama bati la kuezekea. Mikunjo hiyo tutaitegemea sana kwenye Hatua ya 5.

Kisha tazama kitako. Kumbikumbi hukata mabawa yake kwenye mstari maalumu, kwa hiyo bawa la mchwa kwenye jiwe huishia kwa ukingo safi karibu na kitako. Anayeanza huandika kwamba kitako kimevunjika, kumbe hiyo ni sifa ya mdudu mwenyewe.

## Hatua ya 3: Piga picha kabla ya kugusa

1. Piga picha ikiwa kavu, mwanga ukitoka juu kushoto. Huo ndio utaratibu wa kawaida wa picha za visukuku, na ukiufuata msomaji hatachanganya kilima na bonde.
2. Teremsha taa mpaka mwanga upite karibu na uso wa jiwe. Vivuli vitaonyesha mikunjo.
3. Zungusha jiwe robo duara, urudie. Mshipa unaolingana na mwelekeo wa mwanga hauonekani.
4. Lowesha kwa etanoli, upige tena. Rangi na mishipa hafifu hujitokeza.
5. Weka kipimo cha milimita ndani ya kila picha. Maandishi ya "imekuzwa mara 10" hayana maana picha ikishapunguzwa kwenye ukurasa.

Tahadhari. Jaribu etanoli kwanza pembeni mwa jiwe. Baadhi ya mawe ya udongo hubanduka yakilowa. Maji ni mabaya zaidi. Na kama jiwe limepasuka, gundi za haraka za dukani ziache huko huko dukani. Makumbusho hutumia Paraloid B-72 iliyoyeyushwa kwenye asetoni, ambayo baadaye inaweza kuondolewa.

## Hatua ya 4: Chora unachokiona

Fungua picha kwenye Inkscape, chora kila mshipa juu ya picha, huku jiwe likiwa chini ya hadubini pembeni yako. Mshipa unaouona wazi uchore kwa mstari kamili. Unaoukisia uchore kwa nukta. Sehemu iliyovunjika iache wazi.

Usichore kwa picha peke yake. Picha moja ina mwanga mmoja, na ufa kwenye jiwe huonekana kama mshipa mpaka utakapohamisha taa.

Kama una pande zote mbili za jiwe, geuza picha ya chapa ili ilingane na ya kwanza, kisha chora kila upande kwa rangi yake. Mwishowe unganisha, ukieleza kwenye maelezo ya mchoro kwamba umeunganisha.

## Hatua ya 5: Ipe mishipa majina

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mfumo unaotumika leo umetokana na kazi ya Comstock na Needham ya mwishoni mwa miaka ya 1890. Wazo lao ni kwamba mabawa ya wadudu wote yana mpango mmoja wa asili. Kutoka ukingo wa mbele kwenda nyuma, mishipa mikuu ni kosta (C), subkosta (Sc), radiusi (R), media (M), kubitusi (Cu) na mishipa ya anali (A). Radiusi hugawanyika kuwa RA na RP, media kuwa MA na MP, kubitusi kuwa CuA na CuP. Hapo A ni tawi la mbele na P ni la nyuma; vivyo hivyo, ScP ni tawi la nyuma la subkosta.

Usianze kuhesabu kutoka mbele kana kwamba unahesabu vidole. Anza na mikunjo. Kwenye mpango wa asili mishipa hupishana: ScP imezama, RA imeinuka, RP imezama, MA imeinuka, MP imezama, CuA imeinuka, CuP imezama, na wa kwanza wa anali umeinuka. Kwenye makundi mengi ya leo media imepoteza mikunjo yake, kwa hiyo isikutishe ikiwa bapa. Lakini mitatu hukaa imara: ScP, RA na CuP.

Utaratibu wangu ni huu:

1. Tafuta RA. Huwa ni mshipa mnene ulioinuka karibu na ukingo wa mbele.
2. Mbele yake, ndani ya bonde, kuna ScP. Angalia unaishia wapi: kwenye ukingo, au umejiunga na radiusi. Andika.
3. Nenda kitakoni upande wa nyuma, utafute bonde la CuP. Kwenye bawa la mbele la mende bonde hilo lina kina, na hukata eneo la nyuma lenye umbo la mwezi mchanga.
4. Mbele ya CuP kuna CuA iliyoinuka. Kilichobaki katikati, kati ya CuA na RP, ni media.
5. Ndipo uhesabu matawi, ueleze kila mgawanyiko umetokea wapi: kabla ya nusu ya bawa, katikati, au karibu na ncha.

Sasa mtego. Ukikuta RA imezama na ScP imeinuka, hujagundua muujiza. Unatazama chapa, au bawa kwa upande wa chini. Na hilo linakusaidia kujua bawa ni la upande gani. Weka ukingo wa mbele juu. Kama mikunjo ni sahihi na ncha imeelekea kulia, hilo ni bawa la kulia. Kama mikunjo imepinduka na ncha imeelekea kulia, ni la kushoto.

Kila kundi lina alama zake pia. Kereng'ende ana kifundo katikati ya ukingo wa mbele, na doa nene karibu na ncha. Mbawakawa hana mishipa ya kukusaidia kwenye gamba lake la mbele. Huko utategemea mistari, vishimo na mwili. Wadudu wa mabawa madogo sana, kama baadhi ya nyigu, wamepoteza mishipa karibu yote.

Andika pia mfumo uliofuata. Watafiti wawili wanaweza kuuita mshipa uleule M na CuA, na msomaji asipojua umemfuata nani, ulinganisho wote unaharibika.

## Hatua ya 6: Elezea mwili

Nenda kwa mpangilio usiobadilika: kichwa, vipapasio, macho, taya, kifua, miguu, tumbo, ncha ya tumbo. Kwanza sema unamwona mdudu kwa upande gani: juu, chini au ubavuni. Mdudu aliyebanwa ubavuni hawezi kukupa upana wa kichwa, hata kama rula inakupa namba.

Tenganisha maneno haya mawili: hakipo na hakikuhifadhiwa. "Vipapasio havipo" maana yake mdudu huyo hakuwa navyo. Ukiandika hivyo wakati jiwe limevunjika kichwani, umeunda mdudu wa ajabu kwa kosa la neno moja.

Pingili za miguu na za vipapasio zihesabu, lakini hesabu zile tu zinazoonekana. "Angalau pingili 9 zimehifadhiwa" ni sentensi ya heshima. Tumbo lisikudanganye kwa unene wake, maana mzoga huvimba kabla ya kuzikwa na matope.

Mfano wa kukupunguza kasi: *Rhyniognatha hirsti*, kutoka mawe ya Rhynie huko Uskoti, inajulikana kwa sehemu za kichwa tu, hasa taya. Ilipewa jina mwaka 1928. Mwaka 2004 watafiti walisoma taya hizo wakasema huenda ni za mdudu mwenye mabawa, jambo ambalo lingeirudisha nyuma sana historia ya kuruka. Mwaka 2017 wengine wakazisoma upya, wakaona zinaelekea kuwa za jamaa wa tandu. Taya ni zilezile. Kwa hiyo kwenye karatasi yako weka unachokiona kwenye maelezo, na unachokifikiri kwenye majadiliano. Visichanganywe.

## Hatua ya 7: Pima

Urefu wa bawa kutoka kitako hadi ncha. Upana pale lilipo pana zaidi. Uwiano wa viwili hivyo. Umbali kutoka kitako hadi kila mgawanyiko mkuu wa mishipa. Kwa mwili: urefu na upana wa kichwa, urefu wa kila sehemu ya mguu, urefu wa kifua na tumbo.

Sehemu iliyokatika ipime kama ilivyo, kisha toa makadirio pembeni yakiwa na jina lake: makadirio. Hata *Meganeuropsis permiana*, jamaa mkubwa wa kereng'ende aliyetoka Kansas, Marekani, anayesifiwa kila mahali kwa ukubwa, urefu wa bawa lake wa takribani sentimita 33 umekadiriwa kutokana na bawa lisilo kamili.

Jiwe nalo huvuta. Ukiwa na bawa la kushoto na la kulia la mdudu mmoja, yapime yote. Yakitofautiana kwa urefu upande mmoja na kwa upana upande mwingine, tabaka limesukumwa, na uwiano wako hauaminiki.

## Hatua ya 8: Linganisha

Tenga muda mwingi kwa hatua hii kuliko zote zilizotangulia. Tengeneza jedwali: spishi zote za jenasi hiyo (kundi la spishi ndugu) zilizoelezewa, za umri unaokaribia, kisha sifa moja moja. Soma maelezo ya mwanzo ya kila moja, si muhtasari wa mtu mwingine. Michoro ya zamani wakati mwingine ilirembwa, kwa hiyo ukiweza omba picha mpya ya kielelezo chenyewe kwenye makumbusho kilikohifadhiwa.

Kisha jiulize kama tofauti uliyoiona inaweza kuwa na maelezo mengine.

*Bawa la mbele na la nyuma.* Ukililinganisha bawa la mbele la mdudu wako na la nyuma la mdudu wa mwenzako, tofauti utaipata tu.

*Dume na jike.* Kwenye familia nyingi za kereng'ende, kona ya kitako cha bawa la nyuma la dume imechongoka, ya jike ni ya mviringo.

*Mdudu mmoja.* Idadi ya mishipa midogo ya kukingama hutofautiana hata kati ya bawa la kushoto na la kulia la kereng'ende mmoja. Spishi iliyosimama juu ya mshipa mmoja wa kukingama haisimami.

*Tabaka za kazi.* Hapa ndipo *Oecophylla leakeyi* anapofundisha. Maji moto wa leo wana wafanyakazi wakubwa na wadogo kwenye kundi moja. Visukuku vya Mfangano vilipatikana pamoja kama mabaki ya kundi, pamoja na mabuu na mabundo (hatua kati ya buu na mdudu mzima), na ukubwa wa wafanyakazi uligawanyika vilevile. Vingeokotwa kimoja kimoja sehemu tofauti, mtu angeweza kuandika spishi mbili kwa moyo mweupe.

## Hatua ya 9: Amua

Baada ya jedwali, una njia tatu. Ikiwa kuna sifa kadhaa zisizoelezeka kwa jinsia, bawa, tabaka la kazi wala mvuto wa jiwe, ni spishi mpya. Ikiwa inakaribia spishi inayojulikana lakini huna hakika, tumia *cf.* (linganisha na) au *aff.* (inakaribiana na) kabla ya jina la spishi hiyo. Ikiwa sifa hazitoshi, andika jenasi na *sp.* (spishi isiyotambuliwa) tu, au familia pekee.

Njia ya tatu si aibu. Kisukuku kisicho na jina lakini chenye picha nzuri kinasaidia watu. Jina baya hubaki kwenye orodha milele, na kila atakayekuja atalazimika kulishughulikia.

## Hatua ya 10: Andika

Kuna sehemu mbili ambazo wanaoanza huzichanganya. Sifa bainifu ni aya fupi inayosema mdudu huyu anatofautianaje na ndugu zake. Maelezo ni yote unayoyaona, hata yasiyo ya pekee. Sifa bainifu ziandike kwa kutaja mpinzani: "Anatofautiana na spishi fulani kwa RP yenye matawi manne badala ya mawili, na ScP inayoishia kabla ya nusu ya bawa."

Mambo ambayo Kanuni zinadai kwa jina la spishi lililochapishwa baada ya mwaka 1999:

- Useme wazi kwamba ni jipya, kwa kawaida kwa alama *sp. nov.*
- Uwe na maelezo ya sifa za kumtofautisha.
- Uteue holotaipu, yaani kielelezo kinachobeba jina, kwa namba yake. Pande mbili za jiwe moja zikiwa za mdudu mmoja huhesabiwa kielelezo kimoja.
- Utaje makumbusho ambako holotaipu imehifadhiwa au itahifadhiwa.

Ukiunda na jenasi mpya, taja spishi yake ya kielelezo. Na spishi lazima iwe ndani ya jenasi. Huwezi kuipa jina spishi ukaiacha ikining'inia.

Kuhusu lugha: Kanuni hazilazimishi maelezo yawe ya Kiingereza. Zinashauri tu kwamba walau sifa bainifu ziwepo katika lugha inayotumika kimataifa. Maelezo kamili ya Kiswahili yenye aya ya Kiingereza yanakubalika kabisa kikanuni, na ningependa kuyaona mengi zaidi.

## Hatua ya 11: Jina

Herufi za Kilatini, neno la spishi lianze kwa herufi ndogo, na lisiwe limeshatumika ndani ya jenasi hiyo. Kama ni kivumishi cha Kilatini, kifuate jinsia ya jenasi. Kama ni jina la mwanamume, ongeza *-i*, kama *leakeyi*; la mwanamke, *-ae*. Bibi Asha atakuwa *ashae*. Jina lako mwenyewe hakuna sheria inayolikataza, lakini watu watacheka.

Neno la Kiswahili likitumika kama nomino halihitaji kubadilishwa mwisho wake. Wanaochunguza wanyama wenye mifupa wametutangulia: *Asilisaurus kongwe* wa Tanzania (2010), *Shingopana songwensis* wa Tanzania (2017), *Simbakubwa kutokaafrika* wa Kenya (2019). Wadudu nao wana nafasi.

Tahadhari. Usiliandike jina jipya kwenye bango la mkutano, tasnifu au mtandao wa kijamii kabla ya karatasi kutoka. Tumia "spishi A". Jina likivuja, unaanzisha vurugu ambayo wengine wataisafisha.

## Hatua ya 12: Chapisha

Jarida likitoka mtandaoni pekee, kazi lazima isajiliwe ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, kabla ya kuchapishwa, na ithibati ya usajili ionekane ndani ya karatasi. Sharti hili lilikuja na marekebisho ya mwaka 2012. Mhariri mzuri atakukumbusha, ila usimtegemee. Peleka holotaipu makumbusho kabla karatasi haijatoka, upate namba yao ya kudumu, si ile uliyoiandika kwa kalamu porini.

## Mambo yakikwama

Mishipa haionekani kabisa. Jaribu upande wa chapa. Jaribu machujio ya kupolaraizi mwanga, moja kwenye taa na jingine kwenye lenzi, kuondoa mng'ao. Jaribu kuchora ukiwa umezima taa ya chumbani.

Mabawa manne yamelaliana. Chora kila bawa kwenye safu yake na rangi yake. Anza na RA, kwa sababu zitakuwa nne, na kila moja itakuongoza kwenye bawa lake.

Nina ncha ya bawa tu. Kwa makundi mengi ncha haitoshi, maana mishipa mikuu hutambulika kitakoni. Chapisha bila jina la spishi.

Jenasi naijua, familia ina utata. Endelea. Weka *incertae sedis* (nafasi isiyo na hakika), ueleze utata wenyewe.

Mdudu wangu yuko ndani ya kaharabu niliyoinunua. Uliza imetoka wapi na imetokaje. Kaharabu ya Myanmar yenye umri wa takribani miaka milioni 99 imejaa wadudu wa ajabu, lakini biashara yake imehusishwa na vita vya kaskazini mwa nchi hiyo, na baadhi ya majarida huikataa. Kama mmiliki hataki kuitoa kwa makumbusho, usiifanye holotaipu.

Jarida linadai ada nisiyoimudu. Yapo yasiyolazimisha ada. Zootaxa ni mojawapo. Jarida linaloahidi kuchapisha ndani ya siku tatu ukilipa, likimbie.

Mwingine amechapisha spishi ileile wiki iliyopita. Jina lenye tarehe ya mwanzo ndilo linaloshinda. Kama yako haijatoka, mwandikie mhariri leo aisimamishe, ondoa jina lako jipya, tumia lake, kisha ugeuze karatasi iwe nyongeza: kielelezo cha pili, tabaka jingine, sehemu za mwili ambazo yeye hakuzipata. Picha na vipimo vyako vyote bado vinafaa.